Sura ya Sita: Zamu ya Percy Skyrme

Jumatatu saa tatu asubuhi Olwen Skyrme angesimamishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kumuua mumewe kwa sumu. Leo ilikuwa Jumamosi. Inspekta Ivor Lilwall alivuta kiti akakaa mbele yake katika chumba cha mahabusu cha kituo cha Bredwen. Shtaka la namna hiyo lilikuwa na adhabu moja tu, na wote wawili waliijua, kwa hiyo hakuna aliyeitaja.

"Wamekupa chai, mama?"

"Wamenipa. Imepoa."

"Nieleze habari za chakula chake."

"Nimeshamweleza sajini wako mara tatu."

"Mimi sijasikia hata mara moja."

Olwen alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Bado alikuwa na gauni jeusi la mazishi, kwa sababu Sajini Bufton alimkamatia makaburini, udongo haujashindiliwa. Matope ya pale yalikuwa yamekauka kwenye viatu vyake.

"Mwanzoni mwa Agosti alishindwa kuinuka," alisema. "Nikamhamishia chumba cha nyuma asipande ngazi. Asubuhi nilimpa mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya kuletewa. Mchana supu. Jioni yai, akilitaka. Tumbo lilimsokota mpaka anauma shuka. Nilimlisha kwa mkono wangu huu."

"Na wewe ulikula nini?"

"Chungu kile kile. Siku nyingine kijiko kile kile."

"Na huumwi."

"Siumwi. Ndiyo maana nipo hapa, si ndiyo?"

Lilwall aliandika. "Nani mwingine alimtia kitu mdomoni tangu Agosti?"

Mama yule aliutazama ukuta, kisha akaitazama mikono yake.

"Hakuna."

"Marafiki zake?"

"Niliwazuia. Daktari alitaka apumzike, na alikataza pombe kabisa. Wale wakiingia wanaingia na makelele na matope mpaka kitandani."

"Hubert Godsall anasema ulimfungia mumeo ndani kama kuku."

"Hubert anasema mengi."

Majibu mengine yote yalitoka haraka. Lile moja la "hakuna" lilichelewa. Lilwall alilipigia mstari kwenye daftari, akashukuru, akatoka.

Sajini Bufton alikuwa anamsubiri kwenye korido. Alikuwa mtu mnene mwaminifu ambaye hakupenda jambo lake kuguswaguswa.

"Afande, hii kesi imenyooka. Mkemia wa serikali amekuta madini ya risasi kwenye ini na kwenye mifupa, ya miezi mingi. Mstari wa buluu kwenye ufizi, kama alivyosema daktari. Tangu Agosti marehemu hajatoka kitandani, na hali ikazidi kuwa mbaya. Nani alimlisha? Yeye. Na ghalani mwake kuna kopo la rangi nyeupe, ile ya kusagwa na risasi. Unataka nini tena, atuandikie barua?"

"Kopo liko wapi?"

"Nimeliacha pale pale. Nimelitia lakiri."

"Vizuri. Nitalifungua mimi."

Nyumba ya akina Skyrme ilikuwa nusu maili kutoka kijijini, mwisho wa njia yenye mashimo. Mlangoni palikuwa na chupa mbili za maziwa ya dukani ambazo hakuna aliyeziingiza ndani. Lilwall alizihamishia kivulini akaenda ghalani.

Kopo lilikuwa zito. Alivunja lakiri ya Bufton, akaingiza kisu chini ya kifuniko. Kilikuwa kimegandana hata ikabidi akizungushe kisu mara mbili. Chini yake rangi ilikuwa imefanya ngozi ngumu kama ya kiatu, bila tundu, bila mkwaruzo. Aliichana, akazamisha kijiti, akapima. Rangi iliyopungua haikufika nusu.

Alikwenda kwenye mizinga ya nyuki nyuma ya bustani. Ilikuwa sita, yote imepakwa rangi nyeupe mara mbili. Alipima mbao kwa kamba yenye vipimo, akasoma kwenye lebo ya kopo rangi inafunika eneo gani, akapiga hesabu akiwa amechuchumaa huku nyuki wakipita juu ya kofia yake. Hesabu ilikubali. Mizinga ilikuwa imekunywa rangi yote iliyopungua, na ngozi ile isingefanyika kwa mwezi mmoja. Percy alikuwa amezidiwa Septemba. Hakuna mtu aliyefungua kopo lile Septemba.

Akaangalia maji. Kisima, bomba la chuma, ndoo ya bati. Jikoni, sufuria za kawaida za enameli, hazijachunika. Alikuwa amebakiwa na chumba cha nyuma.

Kitanda kilikuwa kimevuliwa mashuka. Dirisha lilikuwa la chini, mtu aliyelala angeweza kunyoosha mkono akaufikia uwanja, na lilitazama shamba la matufaha. Lilwall alilifungua. Kwenye kizingiti, upande wa nje, palikuwa na alama za duara za hudhurungi, moja juu ya nyingine, zinanata. Nyigu watatu walikuwa wanazilamba. Chini ya dirisha majani yalikuwa yamekanyagwa mpaka udongo ukaonekana, na kutoka hapo njia nyembamba ilipita katikati ya miti, juu ya matufaha mekundu yaliyokwisha kuanza kudondoka, hadi kwenye banda la mawe lenye moshi.

Aliruka dirisha akaifuata.

Alisikia sauti kabla hajafika. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na mapipa matano ubavuni mwa ukuta, kinu cha kukamulia chenye parafujo mbili ndefu za mbao, na katikati hori la mviringo la mawe lenye gurudumu la jiwe, lile ambalo farasi hulizungusha kuponda matufaha. Wazee wawili walikaa kwenye benchi karibu na jiko la makaa. Kati yao waliacha nafasi ya mtu mmoja. Mbele yao kulikuwa na mkate, jibini na kitunguu kilichokatwa.

"Jifuteni midomo," alisema yule mfupi. "Serikali imefika."

Huyu alikuwa Wilf Preece, tarishi wa posta.

"Endelea tu, Wilf. Habari yako, Bwana Godsall."

Hubert Godsall alimtazama kutoka kofia hadi viatu. Alikuwa na miaka sabini, mrefu, mwenye nyusi nyeupe. Kwa miaka arobaini hakuna kanisa katika wilaya ile lililovuja bila yeye kuitwa kupanda juu ya paa lake.

"Umeshamfunga?" aliuliza.

"Yuko kituoni."

"Abaki huko huko."

"Kaa, Ivor," Wilf alisema. "Si hapo! Hapo ni pa Percy. Kaa kwenye ndoo. Baba yako alikalia ndoo hiyo hiyo miaka kumi, na alikuwa mnywaji mzuri, Mungu amrehemu. Sijui wewe walikunyonyesha nini."

"Mnamaliza pipa?"

"Lazima tulimalize. Kesho kutwa matufaha mapya yanaingia kinuni, na pombe ya marehemu haichanganywi na ya mwaka mpya. Sisi wawili kwa pipa zima. Ukiona tumekufa, ujue tumekufa kazini."

Pembe ya ng'ombe iliyochongwa ikawa kikombe ilikuwa inazunguka kati yao. Wilf alifungua koki ya mbao, akaijaza, akanywa, akamimina kidogo sakafuni mbele ya nafasi iliyo wazi, akampa Hubert. Hubert aliipokea kwa mikono miwili. Kiganja chake cha kulia kilining'inia kama nguo kwenye kamba, akalazimika kukiinua kwa cha kushoto.

"Tazama," Wilf alisema. "Anashika pembe kama padri anabatiza mtoto."

"Nyamaza wewe."

"Mkono umeanza lini, Bwana Godsall?"

"Machi, Aprili. Ni uzee tu. Nimepanda ngazi miaka arobaini, halafu unauliza mkono?"

"Na wewe Wilf, hujambo?"

"Mimi tumbo. Linakamata hapa kwenye kitovu, linasokota, linaachia. Choo nakwenda Jumapili kwa Jumapili, kama kanisani."

"Unatumia dawa gani?"

Wilf aliinyanyua pembe, na wote wawili wakacheka. Kicheko cha Hubert kiliishia njiani.

"Niionje," Lilwall alisema.

Wakampa. Alichovya ulimi tu. Alikulia katika kijiji cha jirani, na pombe ya Percy Skyrme aliijua tangu ujana. Miti ya Percy ilikuwa Foxwhelp mitupu, matufaha makali ambayo hata farasi huyatema, na pombe yake ilimkunjisha mtu uso mpaka masikio yakasogea. Iliyokuwa ulimini ilikuwa laini. Ilikuwa tamu.

"Ametia sukari?"

"Percy?" Hubert aliudhika. "Percy angetia sukari kwenye asali kabla ya kuitia humu. Hiyo ni pombe safi. Mwaka mmoja tu katika maisha yake yote imetoka hivyo. Watu walikuja kutoka mbali kuionja. Alikaa hapo alipokuwa anakaa, akaniambia, Hubert, nimepata. Miaka thelathini natafuta, sasa nimepata. Alilia, yule mzee. Hakuwahi kulia hata siku ya mwanawe."

Mwana wa pekee wa Percy na Olwen alikuwa amezama na meli vitani. Wilf aliitazama sakafu.

"Ni pombe ya mwaka jana hii?" Lilwall aliuliza.

"Ya Oktoba iliyopita. Tulianza kuinywa Januari."

"Percy alianza kuumwa lini?"

"Machi," alisema Wilf.

Lilwall aliirudisha pembe kwa Wilf. "Nisaidieni jambo moja. Tangu Agosti Percy hakutoka. Mkewe aliwazuia. Basi nani alikuwa anapita shambani mpaka dirishani kwake?"

Wilf alianza kukata kitunguu ambacho kilikwisha kukatwa.

"Mimi," Hubert alisema. "Unadhani nitaficha? Mtu aliye hai harukwi zamu yake. Banda ni lake, pipa ni lake, sisi tukae tunakunywa na yeye analala kule anaangalia dari? Kila siku saa kumi jioni yule mwanamke anakwenda zizini kukamua. Mimi nachukua mtungi, napita dirishani, anakunywa zamu yake, tunapiga soga, naondoka. Siku arobaini na tatu. Sikukosa hata moja."

"Mtungi wa kiasi gani?"

"Painti mbili. Mwishoni alitaka zaidi. Alisema ndicho kitu pekee kinachompoza tumbo. Na yule mke wake angemwachia afe na kiu."

"Mbona hukumwambia Sajini Bufton?"

"Aliniuliza nani anamlisha. Nikasema mkewe. Hakuniuliza nani anampenda."

Lilwall alisimama. Alichukua taa ukutani, akaiwasha, ingawa ulikuwa mchana, akaenda kwenye hori la mawe. Alilizunguka taratibu akipitisha mkono chini, pale gurudumu linapopita. Jiwe lilikuwa baridi, limelainishwa na miaka mia ya matufaha. Upande wa mbali vidole vyake vilikutana na kitu kingine. Akashusha taa.

Ufa mrefu kama mkono ulikuwa umezibwa kwa utepe wa madini ya kijivu, upana wa vidole vitatu. Sehemu nyingine za utepe ule zilikuwa zimefifia, lakini pale juisi inapotuama ulikuwa umeliwa, una vishimo vishimo kama mkate, na unang'aa. Kando yake kulikuwa na tepe nyingine mbili.

"Nani alilitengeneza hori?"

"Mimi huyo huyo," Hubert alisema kutoka kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilichangamka. "Unaona kazi? Baridi ya mwaka juzi ililipasua, juisi yote inakwenda ardhini. Percy hakuwa na uwezo wa kuagiza jiwe jipya. Nikamwambia tulia. Nilikuwa na vipande vya risasi vilivyobaki nilipoezeka paa la kanisa, nikaviyeyusha hapa hapa kwenye jiko hili, nikavimimina. Siku mbili, bure. Pita na kidole, hutasikia ungio."

"Ilikuwa lini?"

"Septemba mwaka jana. Kabla tu ya kukamua."

Wilf alikuwa amejaza pembe tena. Lilwall alivuka banda kwa hatua tatu, akaiziba mdomo kwa kiganja.

"Iweke chini, Wilf."

"Ni zamu yangu, bwana."

"Iweke chini. Fumbua mdomo."

"Nini?"

"Fumbua mdomo, geukia mlangoni."

Wilf aligeuka, akidhani ni mzaha, akafumbua. Lilwall aliinua taa. Kwenye ufizi wa chini, pale unapokutana na meno, ulipita mstari mwembamba wa buluu, kama mtu aliyelamba wino.

"Bwana Godsall, nawe tafadhali."

Hubert hakufumbua. Alikuwa analitazama hori. Alikuwa fundi, na fundi husoma kazi yake hata akiwa mbali.

"Maji ya mvua yanapita juu yake," alisema polepole. "Juu ya risasi. Watu wanayakinga kwenye mapipa, wanapikia. Mimi mwenyewe nimeishika maisha yangu yote."

"Maji ya mvua si makali. Haya matufaha ni makali. Uchachu wake unaila risasi, na risasi ikishaingia kwenye juisi, inaifanya tamu."

Nje tufaha lilidondoka juu ya bati, likaviringika, likanyamaza. Wilf alitema sakafuni, akapangusa mdomo kwa mkono wa koti, akapangusa tena.

"Hapana," alisema Hubert.

"Nitapeleka chupa mbili kwa mkemia Hereford sasa hivi. Labda nimekosea."

"Alikuwa mgonjwa tayari. Alikuwa mgonjwa kabla sijaanza kumpelekea."

"Alikuwa anainywa tangu Januari, kama ninyi, ila yeye aliishi humu bandani, asubuhi mpaka jioni. Kitandani angepata nafuu, kama angeachana nayo."

Lilwall aliyasema hayo bila kuyapamba, kwa sababu mzee alikuwa anamtazama usoni na angeuona uongo. Hubert alijaribu kusimama. Mkono wake wa kulia haukumsaidia, na Wilf akamshika kwapa akamwinua.

"Siku arobaini na tatu," Hubert alisema.

Lilwall alijaza chupa mbili kutoka kwenye pipa, akachokoa kipande cha utepe kwa kisu akakitia kwenye bahasha, akaandika saa na jina lake juu ya kila kimoja. Kisha akafunga koki za mapipa yote kwa uzi na lakiri. Wilf akamwambia kwamba tangu Januari alikuwa amempelekea mkwewe chupa kila Ijumaa. Lilwall aliandika jina la mkwe huyo, akawapakia wazee wote wawili kwenye gari, akawashusha kwa daktari, akaendelea na safari ya Hereford.

Mkemia alikuwa ameshafunga. Lilwall alimfuata nyumbani kwake, akamkuta anapalilia waridi, akamweleza kwamba kuna mwanamke anayesubiri Jumatatu. Mkemia aliosha mikono.

Simu ililia kituoni Jumapili saa saba mchana. Bufton ndiye aliyeipokea, akamkabidhi Lilwall, akabaki amesimama karibu.

"Inspekta, hiyo mnayokunywa huko si pombe," mkemia alisema. "Ungeiacha izunguke kijijini mwaka mwingine, nisingeweza kukuhesabia makaburi. Nimerudia kipimo mara tatu. Kipande cha madini ni risasi tupu, na ile ya kwenye chupa imetoka humo."

"Na kwa painti mbili kwa siku, mtu mgonjwa?"

"Asingepona. Hata mwenye afya asingevumilia."

Lilwall alimpigia mrakibu, akamsomea hesabu ya rangi, alama za dirishani, maneno ya Hubert na majibu ya mkemia. Mrakibu aliuliza maswali mawili, akasema shtaka liondolewe. Bufton alisikiliza yote. Alipoona simu imewekwa chini alichukua funguo, akasita, akazirudisha mezani.

"Nilimkamatia makaburini," alisema.

"Najua."

"Watu wote wanaangalia."

"Mletee kikombe cha chai, Bufton. Ya moto."

Hubert Godsall alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, amevaa suti yake ya mazishi, mkono umefungwa kwenye kitambaa alichopewa na daktari. Hakuna aliyemwita. Alisema angekaa hapo mpaka amwone shemeji yake, iwe ndani ya kufuli au nje, na kwamba wakitaka kumkamata wamkamate baadaye.

"Hakuna wa kukukamata," Lilwall alimwambia. "Hukukusudia."

"Sikukuuliza."

Olwen alitoka ameshika mkoba wake mbele kwa mikono miwili. Lilwall alimweleza kwa maneno machache: risasi ilitoka wapi, iliingiaje, na kwamba yeye yuko huru. Alipofika kwenye habari za hori, mama yule alifumba macho. Alipofika kwenye dirisha, aliyafumbua.

Hubert alisimama.

"Shemeji. Ni mimi. Si rangi, si chakula chako. Mimi niliitia ile risasi, na mimi nilimletea mtungi dirishani kila siku, wewe ukiwa unakamua. Halafu nikaja hapa hapa, nikasema ni wewe."

Olwen aliuweka mkoba kwenye benchi.

"Ng'ombe alikauka tangu mwanzo wa Agosti," alisema.

Hubert hakuelewa.

"Hakukuwa na cha kukamua. Nilichukua ndoo, nikakaa zizini kwenye kigoda, nikasubiri mpaka nisikie buti zako zinaondoka. Daktari alikataza, na niliapa mbele yake. Ungebisha hodi mlangoni ingebidi nikufukuze. Kwa hiyo nilikwenda zizini."

Lilwall aliiweka kalamu chini. "Ungeniambia jana, mama, ungelala kwako."

"Ningekuambia nini? Kwamba mgonjwa alikatazwa pombe na mimi nikamwachia? Nilidhani ndiyo iliyommaliza. Habari za risasi yenu sikuzijua. Nilijua tu kwamba nilikaa kwenye kigoda." Alivuta pumzi. "Na kumbe ni kweli."

"Sheria haina neno na wewe."

"Sijazungumzia sheria, mwanangu."

Bufton alifika na chai, akaona nyuso zao, akaiweka dirishani, akarudi alikotoka kwa ncha za vidole. Hubert alikuwa bado amesimama, kitambaa kimeteleza begani, analia bila sauti kama wanavyolia wanaume wa umri wake, maji yanapita tu kwenye mikunjo. Olwen alimrekebishia fundo la kitambaa. Kisha akaketi kwenye benchi, na baada ya muda Hubert akaketi pia.

"Alikuwa anacheka," alisema Olwen.

"Nani?"

"Percy. Ulipokuwa dirishani. Ukuta wa zizi ni mnene, nilisikia kicheko tu, maneno sikuyasikia. Na mimi ndani ya nyumba hakunichekea hata mara moja, alikuwa ananiomba radhi tu. Mlikuwa mnasema nini?"

"Upuuzi, shemeji."

"Upuuzi gani?"

Hubert alijipangusa uso kwa mkono wake mzima. Lilwall alikuwa na karatasi ambayo Olwen alipaswa kuitia saini. Aliigeuza juu chini mezani, akaenda kusimama kwenye korido, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumpita.

"Siku ya kwanza," Hubert alianza, akakohoa. "Siku ya kwanza nilimsimulia jinsi Wilf alivyotumbukia mtaroni na baiskeli ya posta. Barua zote zikaelea. Padri akaziokota, akazianika kwenye kamba yake ya nguo, katikati ya suruali zake za ndani, na kijiji kizima kikaja kujisomea barua za jirani. Percy alicheka mpaka akashika tumbo. Nikadhani nimemuumiza."

Olwen aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na kutoka kwenye korido Lilwall hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio.

"Na siku ya pili yake?" Olwen aliuliza.